Ardhi ya Wahadzabe Si Pori Tupu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, nakuandikia juu ya neno moja linaloniuma: "pori". Mahali pasipo na shamba, boma wala nyumba ya bati tumezoea kupaita pori, na pori tumeliona halina mwenyewe. Kwa mazoea hayo, Wahadzabe wa bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi wamepoteza sehemu kubwa ya nchi yao bila vita.

Pori hilo lina wenyewe na lina majira yake. Akina mama hutoka kambini pamoja, mio mikononi, wakijua wachimbe mizizi mlima upi. Matunda ya mkole yana wakati wake, ubuyu nao una wake. Mlembe akilia, mwanamume humwitikia kwa mluzi, akamfuata mti kwa mti mpaka kwenye nyuki. Mtu hupata asali, ndege hula nta. Mbuyu wenye nyuki hupandwa kwa vigingi vilivyogongomewa shinani. Mwindaji mara nyingi hurudi mikono mitupu, ndiyo maana chakula cha kila siku hutegemea mizizi na matunda, na nyama ikipatikana huliwa na kambi nzima. Kama haya si matumizi ya ardhi, matumizi ni yapi?

Serikali ilikwisha kujaribu kuwabadilisha. Miaka ya 1960 walikusanywa Yaeda Chini wawe wakulima. Maradhi yakawaandama, na wengi wakarudi walikotoka. Hawakurudi kwa ujinga. Walirudi kwenye chakula wanachokijua.

Leo shinikizo ni la namna nyingine. Mashamba ya vitunguu yametanda Mang'ola, na mifugo huingia bondeni kutafuta malisho na maji. Nyasi zikiisha, swala huhama, na mbuyu ukikatwa hauoti mwingine wa ukubwa huo katika uhai wa mjukuu. Simlaumu mfugaji, maana naye anakimbia ukame. Lakini asogezwapo yeye, anayebanwa mwisho ni Mhadzabe, ambaye hana ng'ombe wa kuhesabiwa wala shamba la kufidiwa.

Mwaka 2011 nchi yetu ilifanya jambo jema: jamii ya Wahadzabe wa Yaeda ilipewa hati ya hakimiliki ya kimila ya zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Msitu wao sasa unawaingizia hata fedha za hewa ya ukaa, na vijana wao wanaulinda. Kumbe inawezekana.

Ninachoomba ni hati kama hiyo kwa kambi zilizobaki nje, hasa upande wa Mang'ola, na mipaka iliyokwisha kuwekwa isimamiwe na wilaya, isiachiwe vijana wenye pinde. Katika kila mpango wa matumizi ya ardhi, kuchimba mizizi, kurina asali na kuwinda kuandikwe kwa majina yake, sambamba na kilimo na ufugaji.

Wahadzabe wanakadiriwa kuwa 1,300 hivi. Kura zao hazitamwangusha mtu, na mikutano huitishwa mbali na kambi zao. Nakusihi, Mheshimiwa, ufike Yaeda ukae nao chini ya mbuyu kabla ramani nyingine haijachorwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi