Ndege za Zamani na Wananchi wa Kasulu

Huko Uingereza ndege za Spitfire za Vita Kuu ya Pili hurushwa hadi leo katika maonyesho, ubavuni mwa jeti za kisasa, na wananchi wakaona babu na mjukuu angani.

Msomaji wa Visiwani asiulize Kasulu na Kibondo zinamhusu nini. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji, zenye kutua majini, ziliitupia mabomu Kigoma. Na vita hivyo ndivyo vilivyowaweka ndugu zetu wa nyanda hizo chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921. Anga lao lina historia, lakini mtoto wa huko ataisomea wapi?

Mwaka 1978 na 1979 marubani wetu walirusha ndege za MiG kumtimua Idi Amin, na jeshi lile lilikuwa la vijana wa Bara na Visiwani. Tunawaomba wakuu wanaohusika: kama ipo ndege ya vita hivyo iliyobaki, isiuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Wapelekewe wananchi wa Kasulu, hata kama haitaruka tena. Nayo ijengewe paa, maana mvua za huko si haba.