Uyoga Alioula Nyani, Je, Mtu Aule?

Mvua zikishika, akina mama wa Bujumbura huanza kuulizia uyoga utokao upande wa Rumonge, ambako huota chini ya miti ya miombo na kuuzwa kando ya barabara. Warundi huuita ubwoba, na ubwoba kwao ni hofu vilevile. Jina hilo si baya.

Yafaa ifahamike kwamba mwituni walaji wa uyoga ni wengi. Gorila wa milima ya Virunga huupenda sana uyoga mgumu uotao kwenye magogo mfano wa rafu. Mdogo akishindwa kuubandua huutafuna papo hapo, na mkubwa akimwona humpora. Katika misitu ya Congo, kusini mwa ule mto mkubwa, bonobo, jamaa wa sokwe, hufukua uyoga wa chini ya ardhi ambao wenyeji huuita simbokilo. Wenyeji nao huutia mitegoni kunasia wanyama wadogo. Mwaka 2020 wataalamu waliupa jina la Hysterangium bonobo.

Uyoga uliofukiwa hauna upepo wa kupeperusha mbegu zake, zilizo laini kama vumbi. Mnyama huzimeza, kisha huziacha mbali pamoja na kinyesi. Nyuzi zitokazo humo hushikamana na mizizi ya miti, zikaipatia maji na madini, nayo miti huzilipa sukari. Anayemaliza wanyama kwa mitego huudhulumu msitu wenyewe.

Hata hivyo, askari wa doria aliyemwona tumbili wa Kibira akitafuna uyoga asidhani amepata ushahidi wa kupeleka jikoni. Matumbo hayafanani. Panya humeza amatoksini, sumu ya uyoga iharibuyo ini la mtu, asidhurike. Moto hauiondoi sumu hiyo. Na kuhusu kitunguu saumu au kijiko cha fedha kuwa vipimo, huo ni uzushi mtupu.

Aliyekula uyoga huo huweza kukaa saa 6 hadi 24 bila dalili. Kisha hutapika na kuharisha sana, halafu hupata nafuu, na jamaa hushukuru. Nafuu hiyo ni ya uongo, kwani ini linaendelea kuharibika. Apelekwe hospitali tangu tapiko la kwanza, na mabaki ya uyoga yachukuliwe pamoja naye, hata yakiwa maganda ya jalalani.