Mazingira ya Nakivale yasomewe na vijana wa Nakivale

Kijana wa Nakivale, makazi ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro nchini Uganda, akimaliza kidato cha sita na alama nzuri, ushauri anaopewa nyumbani ni uleule: soma uuguzi, soma uhasibu, soma kompyuta. Usimamizi wa mazingira? Ah, hiyo ni kazi ya kupanda miti, nani aende chuo kikuu kwa ajili ya miche? Hatuwalaumu wazazi. Wanataka mtoto apate mshahara, tena upesi. Ila kwa maoni yetu wanakosea, na wafadhili wanaochagua kozi kwa kufuata mkumbo huo wanakosea zaidi.

Nakivale si kambi ya juzi. Ilianza 1958 kwa Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, ikatangazwa rasmi 1960, na leo kanda zake za Juru, Rubondo na Base Camp zina Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Zaidi ya miaka 60 watu wamepikia kuni na makaa, wamejenga kwa miti, wamelima vilima vilevile vya Isingiro ambavyo mvua yake haina ahadi. Viwanja vya kulima vimepungua kila wageni wapya walipofika. Ziwa Nakivale, ambalo maji yake husafishwa na kunywewa makazini, ni sehemu ya ardhi oevu ya Mburo na Nakivali iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Orodha haizuii tope kuingia ziwani. Kilima kikiwa kitupu, mvua moja kubwa inateremsha udongo wa shamba zima.

Ukanda wetu umeshaona gharama ya kuchelewa. Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka kuingia Ngara, Tanzania, kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco na nyingine zikaota, na misitu ya karibu ikageuka kuni. Upande wa Goma, wakimbizi wa mwaka huohuo walikata kuni ndani ya hifadhi ya Virunga, na UNESCO ikaiweka hifadhi hiyo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilitoa mwongozo wake wa mazingira 1996, visiki vikiwa vimeshakauka. Wataalamu walikuja baada ya miti kuondoka. Wengi wa Wakongomani wa Nakivale wametoka Kivu, kwa hiyo hadithi ya Virunga hawahitaji kusimuliwa.

Sasa tazama Mbarara, jiji la jirani. Mto Rwizi ndio unaolipatia jiji maji ya bomba. Huko juu Buhweju mafunjo yamefyekwa ili kupata malisho na mashamba. Chini mjini migomba imeshuka hadi ukingoni na mchanga unachotwa kwa ajili ya ujenzi. Si kwamba sheria hakuna. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 100 kutoka kingo za mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mingine. Sheria ya Taifa ya Mazingira iliandikwa upya 2019. Kinachokosekana ni mtu wa kwenda na kamba ya kupimia, asimame shambani mwa mzee, amweleze kwa adabu na kwa lugha yake kwa nini safu tatu za migomba ziondoke, na kipandwe nini badala yake ili watoto wasilale njaa. Kazi hiyo inataka kujua udongo, maji, ramani, sheria na watu. Hiyo ndiyo shahada yenyewe. Miche ni sehemu ndogo tu.

Mji wa Bwizibwera nao unakuja. Mbarara ilipokuwa jiji Julai 2020, makao ya wilaya yalielekezwa huko, kwenye barabara ya Ibanda. Ofisi zikija, huja maduka, nyumba za kupanga, matofali ya kuchoma, vyoo na taka. Mji unaokua unaweza kupangwa kabla ya bonde kufukiwa au ukaachwa ujipange wenyewe, na hilo la pili tunalijua linavyoishia.

Vyuo vipo. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilianzishwa 1989 na kina taasisi yake ya utafiti wa misitu kule Ruhija, Bwindi. Chuo Kikuu cha Bishop Stuart kiko hapohapo mjini. Ugumu uko mlangoni. Kijana aliyekuja na diploma ya taifa ya sekondari ya Kongo lazima kwanza cheti hicho kilinganishwe na vyeti vya Uganda, na hapo kuna ada, tafsiri kutoka Kifaransa na safari za Kampala. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa haki sawa na raia katika elimu ya msingi tu. Kuanzia hapo anahesabiwa kama mgeni yeyote, ingawa sheria hiyohiyo inataja kutambua vyeti na kupunguza ada. Ufadhili wa DAFI wa masomo ya chuo kwa wakimbizi, unaolipwa zaidi na Ujerumani tangu 1992, umeinua wengi, lakini nafasi zake ni chache mno ukilinganisha na wanaopiga hodi.

Tutaambiwa wahitimu wa mazingira wamejaa Kampala bila kazi. Ni kweli, na wilaya haina mafungu ya kuajiri maafisa wengi. Lakini Nakivale haijawahi kukosa miradi ya miti, majiko banifu na maji. Mara nyingi mtaalamu hutoka mbali, hulala hoteli Mbarara, huhitaji mkalimani Rubondo, huandika ripoti na kuondoka. Kijana aliyekulia hapo anazungumza Kiswahili, Kinyarwanda, pengine na Kirunyankole cha jirani mwenye shamba. Anajua kuni zinakatwa wapi na mabinti wanaozifuata wanakutana na nini njiani.

Tunapendekeza hivi. Vyuo vya Mbarara vipeleke wanafunzi wao wa mazingira kufanya mafunzo kwa vitendo Nakivale na kandokando ya Rwizi, muhula mzima, chini ya maafisa mazingira wa Isingiro na Mbarara. Wafadhili walipe gharama ya kulinganisha vyeti kabla ya kuuliza alama. Na kila shirika linaloomba fedha za kupanda miti makazini lieleze kwa maandishi litaajiri wahitimu wangapi wa makazi na wa vijiji vya jirani, kisha lilipwe sehemu ya mwisho ya fedha kwa kuhesabu miti iliyo hai baada ya kiangazi cha pili, si miche iliyogawiwa siku ya kupigwa picha.