Mkataba wa Unguja na Mkataba wa Muscat

 

Ndugu wanafunzi na wazee wetu, kila mwaka vijana wetu wakubwa wanapomaliza skuli maneno ya barazani hapa Mpendae huwa ni yale yale: nani kapata viza, nani anangoja tiketi, nani kaambiwa atasomesha Kiingereza Muscat, nani atakwenda kulea watoto Dubai. Hatuna ugomvi na safari. Kutafuta riziki ya halali ni jambo jema, na bahari hii wazee wetu wameikata tangu enzi za majahazi. Tunachotaka kukisema mwaka huu kinahusu karatasi.

Mambo huenda hivi. Kijana anaoneshwa mkataba hapa Unguja. Umeandikwa vipindi vyake kwa wiki, nyumba ya kukaa, tiketi ya kurudi na mshahara wake kwa riali. Anatia saini, nyumbani kunasomwa dua, anapanda ndege. Akifika anapewa karatasi nyingine, pengine ya Kiarabu cha kiofisi ambacho hata aliyemaliza Ajurrumiyya atakitolea jasho. Nyumba imegeuka chumba cha watu wanne. Vipindi vimeongezeka, mshahara umepungua. Akiuliza, jawabu ni kwamba ile karatasi ya kwanza ilikuwa ya wakala, hii ndiyo ya kazi. Arudi vipi? Nauli ni deni, pasipoti imefungiwa kabatini kwa tajiri, na mama yake ameshawaambia majirani kwamba mwanawe kafika salama. Basi anatia saini ya pili.

Kwa walio majumbani hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mwalimu angalau ana wenzake wa kuwauliza, na mtumishi wa ndani hana ila kuta. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania, Wazanzibari wakiwemo, waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Waliohojiwa walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, na kulipwa chini ya walivyoahidiwa au kutolipwa kabisa. Hao ni dada zetu, na wengine walisoma juzuu zao kwenye vyuo kama hiki chetu.

Wapo wanaosema: alitia saini mwenyewe, yamekwisha. Hayakwisha. Mwalimu wa fiqhi anapotusomesha mlango wa ijara hutwambia kwamba kazi ijulikane, ujira ujulikane, muda ujulikane, na pande mbili ziridhie. Ridhaa ya mtu aliyeshikiwa pasipoti, aliye maili elfu mbili kutoka kwao na deni shingoni, ni ridhaa ya namna gani? Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba yao, na haikumtoa katika amri hiyo mwenye mali. Katika hadithi iliyomo ndani ya Sahih Bukhari, Allah (S.W.) ametaja watu watatu ambao Yeye Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake.

Kuna kisa tunachokisoma mara nyingi bila ya kukitazama kwa jicho hili. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan alikuwa mkimbizi, hana mali, hana jamaa, na nyuma yake kuna Firauni. Hakuna mfanyakazi mnyonge kuliko huyo. Mzee aliyempokea, angetaka, angemwandikia masharti yoyote naye angekubali. Suratul Qasas inatueleza alichofanya. Alimtajia muda wa miaka minane, akamwambia akitimiza kumi itakuwa ni hisani yake mwenyewe, na kwamba hakusudii kumtia mashakani. Musa naye akajibu kwamba muda wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili asifanyiwe dhulma, na Allah akafanywa shahidi wa maneno yao. Tazameni nyongeza ilipowekwa. Khiyari ya ile miaka miwili aliachiwa mchungaji, haikubaki kwa mwenye kondoo. Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa ni muda gani Musa aliutimiza, alisema ni ule mrefu zaidi. Mtu akitendewa haki huzidisha mwenyewe.

Kinachotuponza sisi watu wa Unguja ni imani. Oman kwetu si ugenini. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipoanza kuijenga nchi yake iliyokuwa na skuli tatu tu, wengi wenye asili ya huko waliozaliwa Zanzibar walirudi, na Kiingereza walichokisoma hapa kikawapatia kazi maofisini na madarasani. Mpaka leo ukipita Muscat utasikia Kiswahili sokoni. Kwa hivyo kijana anapoambiwa tajiri ni Muislamu, tena ana jamaa zake Ng'ambo, huona haya kuuliza juu ya mkataba. Kuuliza hakuvunji udugu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na walioambiwa waandikiane ni waumini kwa waumini.

Sheria za huko nazo zimekuwa zikibadilika, na inafaa msafiri azijue. Falme za Kiarabu, kuanzia Januari 2016, ziliweka utaratibu kwamba mfanyakazi wa kampuni atie saini barua ya ajira kabla ya kusafiri, na mkataba atakaoukuta usimpunguzie yaliyomo katika barua hiyo. Oman, kuanzia Januari 2021, iliondoa sharti la cheti cha kutopinga, ambacho bila ya hicho mfanyakazi aliyemaliza mkataba hakuweza kuhamia kwa tajiri mwingine. Mwalimu wa skuli binafsi anaweza kufaidika na mabadiliko hayo. Mtumishi wa ndani habari yake ni nyingine: sheria ya kazi ya Oman ya mwaka 2003 haikumhusu, na ilipokuja mpya mwaka 2023 aliachwa nje tena. Mzazi anayempeleka binti yake alijue hilo kabla ya kuhesabu riali.

Wala tusiwanyooshee kidole Waarabu peke yao. Wapo hapa hapa mjini wanaomleta msichana kutoka shamba kwa maneno ya kulea mtoto mmoja, baada ya mwezi akawa mpishi, dobi na muuza maandazi, kwa mshahara ule ule. Zipo skuli za watu binafsi ambazo mwalimu hujua mshahara wake umekatwa siku anapoupokea. Huo pia ni mkataba wa pili, ila hauna viza.

Kwa wanaoondoka mwaka huu, In shaa Allah, tunasema hivi. Wakala asiye na leseni msimpe pasipoti. Mkataba upelekeni Kamisheni ya Kazi muulize kabla ya kutia saini, na msikubali kusomewa mambo nusu nusu. Ukiwa wa Kiarabu, uleteni madrasa. Wapo masheikh watakaokaa nanyi baada ya Laasiri kuutafsiri mstari kwa mstari, na hawataki malipo. Kisha toeni nakala tatu. Moja msafiri aende nayo mbali na pasipoti yake, moja abaki nayo mzazi, na ya tatu apewe mtu wa mtaani anayejua kusoma na asiyeona haya kupiga simu. Nyuma ya kila nakala iandikwe nambari ya Ubalozi wa Tanzania wa nchi anayokwenda, kwa wino, si kwa kalamu ya risasi.