Televizyo ndani ya kibanda: tuiweke wapi?



Wengi wenu mumeanza kukodi vibanda kwa maonyesho ya biashara, zaidi kule Lubumbashi, ambako watu wa migodi wanakutana kila mwaka kwa DRC Mining Week. Kampuni kubwa zinakuja na ukuta muzima wa picha. Sisi wadogo tunaangalia na kuwaza: bila televizyo kubwa na bafle yenye kulia sana, nani atatuona? Mwezi huu nitawaambia kosa langu mwenyewe, lisikuwe lenu.

Bamama wa kikundi kimoja cha kushona nguo za kazi walichanga feza ya likelemba miezi mingi, wakakodi kibanda cha mita 3 kwa 3. Waliniita sababu ninajua vyombo vya sauti vya kanisa. Niliweka televizyo mbele kabisa, pa mulango, na bafle ikitazama njia. Watu walisimama, ndiyo. Lakini walisimama njiani, migongo yao ikafunga mulango, na nguo zikabaki ndani bila mutu wa kuzigusa. Mununuzi mumoja aliuliza bei ya nguo 200. Mama alimujibu mara tatu. Yule mutu aliweka mukono kwa sikio, akatikisa kichwa, akaenda. Jioni mama aliniambia kwa upole: "Pasta, ile sauti yako njo imemufukuza." Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata tulianza na karatasi na kalamu. Nanyi mufanye vile.

Kwanza, muchore njia ya watu. Wanatoka upande gani, wanaingilia wapi? Televizyo ikae ndani, kwa ukuta wa nyuma ao wa kando, katikati yake ikiwa sawa na macho ya mutu aliyesimama: mita 1 na nusu toka chini, ao zaidi kidogo. Anayetaka kuona ataingia, na akiingia mukono wake unafika kwa nguo. Musiielekeze kwa jua: itakuwa kioo tu.

Pili, picha. Mupita-njia anawapa sekunde chache. Filamu ikuwe ya dakika 1 ao 2, ijirudilie yenyewe, na herufi kubwa, ili mutu aelewe hata bila sauti. Muonyeshe jambo ambalo meza haiwezi kuonyesha: mikono ikishona mara mbili, nguo ikivutwa na isipasuke.

Tatu, sauti. Mutu akienda mbali, sauti inapungua upesi. Kwa hiyo bafle 2 ndogo karibu na wasikilizaji zinafaa kuliko moja kubwa ya kusumbua jirani. Zitazame ndani. Kipimo ni hiki: simama mita 1 mbele ya mwenzako, useme bei kwa sauti ya kawaida. Kama hasikii, upunguze.

Ine, umeme. Birika ya umeme inakula umeme mingi kuliko televizyo. Visikae kwa ralonji moja. Musifunge ralonji kwa ralonji, moto unaanzia pale. Kamba zipite kando ya ukuta na zifungwe na skochi, mutoto asijikwae. Filamu ikuwe kwa flashi 2, sababu moja inaweza kukataa. Na umeme ukikatika? Mutundike picha za karatasi tangu asubuhi.

Mara ile ya pili tulikodi televizyo ndogo kuliko ya kwanza, na feza iliyobaki bamama walinunua kitambaa. Yule mununuzi wa nguo 200 hakurudi tena. Lakini wengine waliingia, wakagusa mushono, wakauliza bei, na wakasikia jibu. Bamama wenyewe walijibu, na mimi nilikaa nyuma nikichunga kamba.

Basi ndugu, kabla ya kulipa feza ya kukodi vyombo, kamateni karatasi na muchore.

Tuonane mwezi ujao.