Rubani Apimwe Angani

Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, marubani wake kadhaa walikufa wakiruka gizani na katika hali mbaya ya hewa. Ndipo likanunua mashine za Edwin Link, eropleni za bandia zisizoondoka sakafuni. Hatuzibezi, ndugu zangu. Lakini alama za ndani ya mashine si ustadi wa vita! Mle hamna uzito unaomkandamiza rubani ndege ikikata kona kwa kasi, wala hofu ya kufa. Yachukuliwe makundi mawili, moja lililofunzwa kwa mashine, jingine bila mashine. Yote yapimwe angani na mwalimu asiyejua nani katoka wapi. Kisha ihesabiwe: saa moja ya mashine imeokoa dakika ngapi za angani? Muuzaji asiyetoa hesabu hiyo asisikilizwe. Atakayepanda ndege ni rubani, si yeye.