Tumlipe fundi kwa masikio yake

Kwenye dashibodi ya Canter yangu kuna vipande 8 vya metali nilivyovifunga kwenye kitambaa. Ni metali za konrodi, zilitolewa kwenye injini yangu msimu wa mpunga uliopita, hapa hapa Kagongwa. Ukizipitisha kidole ni laini kama ukucha. Rangi yake ni kijivu kitupu, hazina mkwaruzo, wala hakuna mahali shaba imejitokeza. Metali iliyokufa huonyesha shaba. Hizi zilikuwa nzima, na mimi nililipa shilingi 1,400,000 na kupoteza siku 9 za mavuno ili zitolewe.

Mwaka wa 17 huu nabeba mpunga kutoka vijijini kuuleta kwenye mashine za kukoboa za Kagongwa, na mchele kuupeleka Kahama mjini na Isaka. Gari langu ni la zamani, injini ya 4D33, silinda 4, na limeshapita kwenye mikono ya watu kabla yangu. Nikitokea Bukombe na mzigo, likaanza kugonga: ko-ko-ko, mlio mzito, unaopanda kila nikikanyaga mafuta. Fundi wa kwanza hakukaa nalo dakika 5. Alipandisha moto mara mbili, akatikisa kichwa. "Bosi, imenoki hiyo. Tufungue." Tukafungua. Zikabadilishwa metali, ringi na gasketi ya hedi, ikamwagwa oili mpya. Tulipowasha, ko-ko-ko ile ile.

Nikaambiwa nimwone mzee mmoja anayefanya kazi chini ya mwarobaini, hana hata kibao. Hakushika spana. Aliniuliza, "Ng'wanone," yaani mwanangu kwa Kisukuma, "ulianza lini mlio huu?" Nikajibu kwamba ulianza siku chache tu kabla ya kufungua injini. Akaninyamazia. Ikabidi niseme kweli: ulikuwa umeanza wiki tatu kabla, kwa mbali, na mimi nikawa naongeza sauti ya redio. Akasema hataligusa siku ile kwa kuwa injini imeshapata moto. Likalala pale.

Alfajiri aliwasha likiwa baridi akasikiliza, akaliacha lipate moto akasikiliza tena. Pistoni iliyolegea, alinieleza, hupiga kelele asubuhi kisha hutulia ikipata joto, ila metali iliyokufa huzidi pale oili inapokuwa nyepesi kwa moto. Mlio wangu haukufuata njia yoyote kati ya hizo, na taa ya oili haikuwahi kuwaka. Akachukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye bloku na mpini sikioni, akatembea nayo taratibu kutoka mbele hadi nyuma kama mtu anayetafuta mchwa ndani ya mlango. Kisha akaanza kulegeza nati za mabomba ya nozeli, moja baada ya nyingine. Ya kwanza, injini ikayumba lakini mlio ukabaki. Ya pili vivyo hivyo. Alipolegeza ya tatu, mlio ukakatika.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo, maana hata metali mbovu hunyamaza ukiikatia silinda yake mafuta. Mzee alizima injini, akang'oa nozeli ya tatu akaiweka silinda ya kwanza, na ya kwanza akaileta ya tatu. Tukawasha. Mlio ukahamia mbele. Metali haihami, iliyohama ni nozeli. Ilikuwa inachuruza mafuta badala ya kuyapuliza kama ukungu, kwa hiyo moto ndani ya silinda ulikuwa unalipuka vibaya na kutoa sauti ya chuma kugonga chuma. Nozeli ikapelekwa Kahama kupimwa na kubadilishwa ncha. Gharama yote haikufika shilingi 150,000, na humo mzee alidai 30,000 tu, ya kufungua na kufunga. Nikamuuliza: na ile asubuhi nzima ya kusikiliza? Akasema hiyo hakuna mtu anayeilipa.

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimemlaumu sana yule fundi wa kwanza, na lawama anastahili. Lakini sisi wenye magari ndio tuliomfundisha kazi kwa namna hiyo. Tunalipa spea. Tunalipa nati zilizofunguliwa na mikono iliyochafuka oili. Fundi akikaa nusu saa kimya tunamwona anatega, na akisema "hamna kitu cha kufungua hapa" tunaondoka bila kumpa hata ya maji. Ukimlipa mtu kwa kufungua tu, atafungua.

Hospitali hatufanyi hivyo. Tunalipia kumwona daktari kabla ya dawa, na hakuna anayedai pesa yake kwa sababu hakupasuliwa. Mfaransa René Laennec alibuni kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816, na hadi leo daktari huanza na masikio. Bisibisi ya yule mzee inafanya kazi ile ile.

Ukanda wetu unaishi kwa magari ya zamani. Mpunga wa Kagongwa, abiria wa Hiace, Land Cruiser zinazokwenda machimboni Kakola na Geita, vyote vinategemea injini zilizokwishachoka kabla hazijafika kwetu, zinazokula vumbi mwaka mzima, na hapa kwetu hata pumba za mashine huziba rejeta. Gari bovu moja wakati wa mavuno ni mkulima ambaye mpunga wake umenyeshewa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina mpango wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Naomba wanapowapima wasiangalie tu namna wanavyofunga injini. Wawawekee injini yenye mlio wakae nayo, waone nani anajua kungoja.

Na sisi tuache kuficha. Usimpelekee fundi gari ambalo umelimwagia oili nzito ili litulie, kama wanavyofanya baadhi ya wauzaji mnada ukikaribia. Mwambie mlio ulianza lini, likiwa na mzigo au tupu, mlimani au tambarare, umeweka mafuta gani na wapi. Mwachie gari lilale alilisikie alfajiri. Kabla hujatoa pesa ya metali muulize: umejuaje si nozeli, si tapeti, si beringi ya altaneta? Akikasirika, chukua ufunguo wako. Na spea ya zamani idai mkononi, uitazame juani.

Mimi siku hizi nampa mzee shilingi 20,000 ya kusikiliza hata kama hakuna nati iliyofunguliwa. Mwezi uliopita alisikiliza robo saa, akaniambia ni fanibelti imelegea, nikaikaza nikaenda zangu. Pesa yake nilimpa kamili.